Namna ya kukiingiza kijiji chako kwenye bajeti ya kaunti

Kijiji chetu kiko nje ya mji wa Malindi, ukielekea bara. Visima vyetu vina chumvi, kwa hiyo maji ya kunywa na kupikia tulikuwa tukinunua kwa vijana wa mikokoteni: mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na kiangazi kikikaza, 30 hata 40. Nilifundisha chekechea hapo kwa miaka 23. Nyumba iliyokosa maji nilikuwa naitambua Jumatatu asubuhi kwa kutazama kola za watoto. Na maji yenyewe si ya kutafutwa nchi za mbali: Baricho, kando ya mto Sabaki, ndiko yanakovutwa maji yanayonywewa Malindi, Kilifi hata Mombasa.

Leo tuna kioski cha maji kilichojengwa na kaunti. Kilituchukua miaka minne, na miwili katika hiyo ilipotea kwa sababu hatukujua njia. Mimi ndiye katibu wa kamati, barua zote zimepita mikononi mwangu, na haupiti mwezi bila mtu wa kijiji kingine kunipigia simu kuuliza tulifanyaje. Naandika yote hapa mara moja.

Mkutano tuliokwenda mikono mitupu

Mwaka wa kwanza chifu alitutangazia kwamba kuna mkutano wa maoni ya bajeti. Ilikuwa Mei, mvua za masika zimepamba, njia ni tope tupu. Tukachanga, tukakodi tuktuk tatu na bodaboda kadhaa, tukaenda watu thelathini na kitu. Mama mmoja, mjane anayelea wajukuu wanne, alisimama akaeleza anavyoamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni ya maji. Ukumbi mzima ulinyamaza. Ofisa aliyekaa mbele aliitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamwita mwingine. Tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukanywa soda, tukarudi. Juni bajeti ikapita na kijiji chetu hakimo.

Nilikasirika sana, nikadhani tumedharauliwa. Baadaye ndipo nilipoelewa mambo mawili. Ombi letu lilikuwa la mdomo, na la mdomo halina pa kuwekwa kwenye faili. Kilichobaki kwenye faili ni sahihi zetu, kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa. Tena tulifika Mei kuomba mradi mpya, ilhali mlango wa miradi mipya ulikuwa umefungwa tangu Septemba iliyotangulia.

Tarehe za kubandika ukutani

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka siku ya mwisho ya kila hatua, na siku hizo mimi nimeziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni.

Hatua inayowapita watu wengi ni ya 1 Septemba. Kufikia siku hiyo serikali ya kaunti iwe imeshafikisha kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao ofisini huuita ADP. Mpango huo unahusu mwaka utakaoanza Julai inayofuata. Kwa hiyo ukitaka mradi uanze Julai ya mwakani, barua yako iwe ofisini Juni, Julai, au mapema Agosti ya mwaka huu. Ndiyo miezi ya kazi. Aprili na Mei ni miezi ya kulinda kilichokwisha kuingia.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Kufikia 28 Februari hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, unaosema idara ya maji itapata kiasi gani, afya kiasi gani, barabara kiasi gani. Kufikia 30 Aprili huja makadirio yenyewe, yaani orodha ya miradi na pesa zake. Kufikia 30 Juni wawakilishi wadi wawe wameyapitisha.

Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaanza 2028. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango, na hili usilichukulie kuwa maneno ya wanasheria tu. Omba CIDP, ufunue sehemu ya wadi yako, utafute mstari ambao ombi lenu linaweza kukaa chini yake. Sisi hatukukuta jina la kijiji chetu popote, ila tulikuta mstari wa kupanua mtandao wa maji katika wadi yetu. Mstari huo mmoja tuliunukuu katika kila barua, pamoja na nambari ya ukurasa.

Gonga mlango wa mwenye kazi

Katika mkutano ule wa kwanza mzee mmoja alizungumza dakika kumi kuhusu madarasa ya sekondari. Yalikuwa maneno ya haki, lakini shule za msingi na sekondari si kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Kaunti ina zahanati na vituo vya afya, maji, barabara za kaunti, chekechea, masoko, kilimo, uvuvi, vivuko na gati. Serikali ya kitaifa ina shule, polisi, barabara kuu. Madarasa na kituo cha polisi huombwa NG-CDF, yaani mfuko wa kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, kwenye ofisi ya eneo bunge. Ukiomba madarasa kwa kaunti umejipotezea mwaka.

Kuna mifuko mingine miwili ambayo watu wa Pwani tunaisahau. Mmoja ni Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na Kifungu cha 204 cha Katiba: nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 za kwanza za kunufaika, Kilifi, Lamu na Tana River zilikuwamo. Muulize msimamizi wa wadi ni sehemu gani za wadi yenu zimetajwa kuwa zimeachwa nyuma, na andika jibu lake. Mfuko wa pili ni wa miradi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, unaojulikana kama FLLoCA, ambao una kamati ya kupanga ya kila wadi. Ukame na mafuriko ya Sabaki sote tunayajua. Kisima, bwawa au mikoko inaweza kuombwa huko.

Kunde ndani ya vifuu

Kabla ya kuandika chochote, kijiji kikubaliane kinataka nini. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yote ilipotengenea.

Mwenyekiti wetu alitaka kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilikataa. Mikono ikinyooshwa, vijana humtazama mzee, na mke humtazama mume. Tukafanya hivi: tulipanga vifuu sita vya nazi chini ya mwembe, kila kimoja na picha yake iliyochorwa kwa mkaa kwenye kadibodi. Maji, barabara, zahanati, taa, choo cha soko, chekechea. Kila mtu mzima alipewa punje tatu za kunde, akaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la leso mbili tulizozishona pamoja, akadondosha atakapo. Angeweza kutia zote tatu katika kifuu kimoja, au kuzigawa.

Wanaume walipiga asubuhi, wanawake baada ya adhuhuri, na vifuu tulivihesabu mbali mbali. Wanaume: barabara ya kwanza, maji ya pili. Wanawake: maji, na kifuu cha maji kilijaa hata kunde zikamwagika mchangani. Nikazihesabu mbele ya watu, kumi kumi, na mtoto wa darasa la nane akiandika kwenye daftari la mraba. Mwenyekiti aliangalia vile vifuu viwili vya maji na barabara kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, andika maji." Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mtu aliona kwa macho yake. Baadaye, watu wa barabara walipotaka kupeleka barua yao kando, wenzao ndio waliowazuia. Ofisa akipokea barua mbili za kijiji kimoja zinazopingana, huweka zote pembeni.

Chagua kitu kimoja. Najua mna shida kumi. Andikeni kimoja, tisa ziwekeni kwenye daftari kwa miaka ijayo.

Hesabu kabla ya kuandika

Tuligawana nyumba, vijana wawili wawili, wakahesabu kaya, watu, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee, na watu wenye ulemavu. Mimi na mama mwingine tulikaa penye mikokoteni kuanzia alfajiri hadi magharibi, siku tatu tofauti, tukipiga mstari mmoja kwa kila mtungi ulionunuliwa.

Hesabu rahisi ndiyo inayoingia kichwani mwa mtu wa ofisini. Nyumba inayonunua mitungi mitatu kwa siku kwa shilingi 20 hutumia shilingi 60 kwa siku, 1,800 kwa mwezi, na zaidi ya 21,000 kwa mwaka. Tuliweka hesabu hiyo kwenye mstari wa kwanza wa barua. Mwakilishi wadi wetu alipoisoma alitoa simu akaipiga hesabu mwenyewe, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hizi ni kweli?" Nikamwonyesha daftari lenye mistari. Kuanzia siku ile alikuwa wetu.

Chora pia ramani. Si lazima iwe ya mtaalamu. Yetu tulichora kwa kalamu za rangi za chekechea: msikiti, kanisa, shule, mbuyu mkubwa, njia, na mahali bomba kuu linapopita. Mita kutoka bomba kuu hadi kijijini tulizipima kwa kamba yenye fundo kila baada ya mita kumi.

Barua na muhuri

Barua ya mapendekezo ofisini huitwa memoranda. Isizidi kurasa mbili, na Kiswahili kinatosha, kwani ni lugha rasmi ya nchi hii. Yetu ilianza hivi:

"Sisi wakazi wa kijiji hiki tunaomba kaunti ijenge kioski kimoja cha maji chenye tangi, na kuvuta bomba la mita 900 kutoka bomba kuu, katika mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha ujao. Nyumba moja kwetu hutumia zaidi ya shilingi 21,000 kwa mwaka kununua maji. Ombi hili linaingia chini ya mpango wa kupanua mtandao wa maji katika wadi yetu, uliomo kwenye CIDP. Mahali pa kujenga ni hapa, kama inavyoonyesha ramani. Gharama iliyokadiriwa na fundi wa idara ya maji ni hii."

Halafu hesabu za kaya, matokeo ya kunde, majina na sahihi. Wasioandika walitia dole gumba. Gharama usiikadirie mwenyewe. Andikia idara husika kuomba fundi aje kupima, na ufanye hivyo mapema, miezi mitatu kabla. Barua isiyo na gharama hurudi kuwa maoni tu.

Toa nakala nne kwenye saiba. Moja ya idara husika, moja ya msimamizi wa wadi, moja ya karani wa bunge la kaunti, na moja ya kurudi nayo nyumbani ikiwa na muhuri. Nilipofika ofisi moja, kijana wa mapokezi aliniambia, "Mama, iache tu hapo mezani." Nikamwambia, "Mwanangu, nitasubiri muhuri." Nilisubiri hadi saa nane mchana. Aliyekuwa na funguo za kabati la muhuri alikuwa ametoka. Nilipotoka nilikuwa na alama ya buluu yenye tarehe kwenye nakala yangu, na nakala ile ilituokoa mwaka uliofuata ilipodaiwa kwamba hatukuwahi kuomba.

Ndugu zetu wa Lamu, mnaopanda boti kutoka Faza au Kiunga kwenda ofisi za kaunti Mokowe: someni tangazo la mkutano kwa makini, kwa kawaida lina anwani ya barua pepe ya kupokea mapendekezo. Tumeni huko, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha siku na saa. Na msiache kushiriki mkidhani ni desturi tu. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko kwenu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kushirikishwa ni sheria, na sheria hiyo imewahi kuuma.

Ukinyimwa hati, usigombane na mtu wa mapokezi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Kutoa ombi hakulipiwi. Unachoweza kulipishwa ni gharama ya nakala. Asiyejua kuandika ana haki ya kusema kwa mdomo, na ofisa ndiye wa kumwandikia. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman. Sisi tuliomba makadirio ya wadi yetu kwa barua ya mistari minne, tukayapata siku ya 17.

Ardhi

Mwaka wa pili jina letu liliingia kwenye mpango wa mwaka. Tulifurahi, tukapika pilau. Aprili makadirio yalipotoka, mradi ulikuwa umeondolewa. Sababu iliyoandikwa: hakuna ardhi ya umma.

Kama uko Pwani unajua uzito wa neno hilo. Watu wetu wengi wamezaliwa, wameoa na kuzika juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine, wakati mwingine mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kaunti haiwezi kuweka pesa za umma juu ya shamba la mtu. Mzee mmoja alikuwa ametupa kipande kwa roho safi, mbele ya mashahidi. Tulipokwenda afisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati, tulikuta shamba halijaandikwa jina lake. Alilia mzee yule, nami nililia.

Kilichotuokoa ni ramani. Sehemu ya kijiji chetu iligawiwa kama mradi wa makazi, na miradi ya namna hiyo ikipimwa, viwanja vingine hutengwa kwa matumizi ya umma: shule, msikiti, soko, maji. Kijana mmoja aliyesomea upimaji alitushauri tuombe kuona ramani ya mpango wa makazi katika ofisi ya upimaji. Tukalipia, ikatandazwa mezani, karatasi kubwa iliyochakaa kwenye mikunjo. Akapitisha kidole polepole. Kando ya njia, mita chache tu kutoka kwenye mbuyu, palikuwa na kiwanja kidogo kilichoandikwa kuwa cha umma. Tulikuwa tumepita hapo maisha yetu yote.

Palikuwa pamepandwa mihogo. Aliyepanda ni bibi mmoja, hawe, kama wanavyosema Wagiriama, ambaye alikuwa akilima hapo tangu ujana wake. Kulikuwa na waliotaka aondolewe na chifu. Hilo lisingekuwa la haki. Tulimwendea watu watatu jioni, tukakaa kwenye mkeka, tukamwuliza kwanza habari za miguu yake, tukamweleza. Alinyamaza. Akauliza, "Mihogo yangu itakomaa lini?" Tukamjibu, "Wewe ndiye ujuaye, hawe." Akasema miezi minne. Tukaandika: miezi minne, avune yote, na vijana wamsaidie kuibeba. Walimbebea. Kioski kilipofunguliwa, yeye ndiye aliyefungua bomba la kwanza.

Kwa hiyo suala la ardhi lianze kabla ya barua. Fanya upekuzi. Tafuta ramani. Ikiwa ni ardhi ya mtu binafsi anayetaka kuitoa, ahadi ya mdomo haitoshi, na hata barua ya chifu haitoshi; lazima kipande kipimwe, kikatwe na kuhamishiwa umma, na warithi wake watie sahihi, la sivyo mtoto wake atakuja kuufunga mradi siku baba akifariki. Ikiwa ni ardhi ya jamii, kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na maamuzi lazima yapite kwenye mkutano wa wanajamii waliosajiliwa.

Jina likishaingia

Mwaka wa tatu tulirudia kila kitu, safari hii na nakala ya ramani, na bajeti ilipita na sisi tukiwemo. Usilale hapo.

Kwanza soma maneno yalivyoandikwa. "Ujenzi wa miradi ya maji, wadi fulani" si sawa na "Ujenzi wa kioski cha maji, kijiji fulani". Pesa za mstari wa kwanza zinaweza kwenda popote katika wadi. Sisi tulimwomba mwakilishi wadi, kwa barua, jina la kijiji liingizwe, na tulikwenda mbele ya kamati ya bajeti ya bunge wiki ya maoni kusema hivyo hivyo, tukiwa watu watatu tu, dakika tatu, na barua mkononi.

Pili, jihadhari na bajeti ya nyongeza. Katikati ya mwaka, pesa kutoka Hazina ya Kitaifa zikichelewa au madeni ya wakandarasi yakizidi, kaunti hurudi bungeni kupanga upya. Miradi ambayo haijaanza ndiyo hupunguzwa kwanza. Mikutano ya maoni yake huwa na watu wachache, kwa sababu wengi wanadhani bajeti ilikwisha Juni. Kila Ijumaa nilikuwa naangalia tovuti ya kaunti na kumpigia msimamizi wa wadi, kwa heshima, kuuliza kama kuna tangazo. Ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti huonyesha kaunti imetumia kiasi gani na kwa idara gani; zinapatikana bure, na ni silaha nzuri ukiambiwa pesa hazijafika.

Zabuni ikitangazwa, waambie vijana na wanawake wenye kampuni zilizosajiliwa wajaribu, maana asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Mkandarasi akifika, muulize ubao wa mradi uko wapi: jina la mradi, gharama, muda. Chagueni watu wanne wa kuangalia kazi kwa zamu. Kwetu, siku ya tano, kijana wa zamu alikuja mbio nyumbani. Bomba lilikuwa limelazwa chini ya ardhi shubiri moja tu. Mtu akilima msimu mmoja, jembe linalikata. Hatukugombana. Tulisimamisha rula ya darasani kwenye mtaro, tukapiga picha sehemu sita, tukampelekea mhandisi wa kaunti siku ile ile pamoja na barua. Alikuja keshokutwa yake, akapima mwenyewe, na mtaro ukachimbwa upya hadi kwenye magoti. Mngoje karatasi ya kukubali kazi itiwe sahihi baada ya maji kutoka bombani, si kabla.

Mambo ya kuendesha kioski yana maelezo yake, lakini hili moja liwe tayari siku ya kwanza: daftari la pesa, watu watatu wenye sahihi, na bei iliyokubaliwa mkutanoni. Yetu ni shilingi 5 kwa mtungi. Pesa huhesabiwa kila magharibi mbele ya mtu aliyeteka maji ya mwisho siku hiyo, na yeye hutia sahihi.

Faili letu sasa limenenepa, nimeliweka kwenye sanduku la bati lisiingie mchwa. Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya nimeandika "Barabara", maana kifuu chake ndicho kilichofuata. Kamba ya mafundo imeshatolewa, na Jumamosi baada ya asri tunaanza kupima kutoka kwenye mbuyu hadi lami.